Waliolipima Jua

Mwaka 1853 Mskoti John Francis Campbell alichukua tufe la kioo, akalijaza maji, akaliweka ndani ya bakuli la mbao na kuliacha nje. Jua lilipowaka, tufe lilikusanya miale na kuunguza mbao. Wingu lilipopita, alama ya moto ilikatika. Miezi ikapita, bakuli likachimbika mifereji myeusi, na aliyetaka kujua kama majira yalikuwa ya jua au ya mawingu alitosheka kulitazama. Campbell hakuwa mwanasayansi wa kuajiriwa. Ukoo wake ulikuwa wa kisiwa cha Islay, na Waskoti wanamkumbuka zaidi kwa ngano za Kigaeli alizokusanya kutoka vinywani mwa wanavijiji. Sioni ajabu kwamba mtu mwenye subira ya kuwasikiliza wazee alikuwa pia na subira ya kuliacha jua lijiandike lenyewe.

Mwaka 1879 George Gabriel Stokes, mwanahisabati wa Cambridge, alikifanyia kifaa kile marekebisho. Bakuli la mbao likawa la chuma, lenye vijia vya kuingizia kadi ngumu zilizopigwa mistari ya saa. Tangu hapo mtunza kituo alikuwa na kazi moja isiyo na sikukuu: jua likizama, toa kadi ya leo, weka ya kesho. Kifaa hicho kilienea popote palipokuwa na kituo cha hali ya hewa cha Waingereza, Afrika Mashariki ikiwemo, na hadi leo katika viwanja vya vituo vyetu vya zamani utalikuta tufe hilo juu ya nguzo, likimulika kama jicho la samaki.

Lakini kadi ile ina kasoro zake. Asubuhi na mapema na jioni jua huwa dhaifu mno kuiunguza, hata kama anga ni nyeupe pe. Kadi iliyolowa mvua haishiki moto upesi. Siku ya mawingu ya vipande vipande, jua likichungulia kwa sekunde chache huacha kovu refu kuliko muda wake halisi, na msomaji huhesabu dakika ambazo hazikuwako. Juu ya hayo yote, kadi husema jua liliwaka kwa saa ngapi. Haisemi lilileta nishati kiasi gani. Anayetaka kupika, kukausha mahindi au kuendesha pampu kwa jua anahitaji jibu la swali la pili.

Swali hilo nalo lilikuwa na watu wake. Mfaransa Claude Pouillet alitengeneza chombo cha kupima joto la miale na mwaka 1838 akatoa makadirio ya nguvu ya jua kabla halijapita kwenye hewa: kama wati 1,230 kwa mita ya mraba. Leo tunajua ni takribani 1,361, kwa hiyo mzee yule, kwa maji yake na kipimajoto chake, hakukosea sana. Miaka hiyohiyo John Herschel, aliyekuwa Rasi ya Tumaini Jema kuchunguza nyota za kusini, alipima joto la jua huko pia. Mwaka 1893 Knut Ångström wa Uswidi akaleta chombo chenye vipande viwili vyembamba vya metali: kimoja hupashwa na jua, kingine na umeme, na umeme unaohitajika ili viwe na joto sawa ndio kipimo cha jua.

Wamarekani hawakukubali kipimo hicho. Taasisi ya Smithsonian, chini ya Charles Greeley Abbot, ilitengeneza vyombo vyake na mizani yake ya mwaka 1913, na mizani hiyo ilizidi ile ya Ångström kwa karibu asilimia 3.5. Kwa miongo kadhaa, basi, jua la Ulaya na jua la Marekani halikuwa jua moja kwenye vitabu. Abbot alikuwa na imani kubwa kwamba nguvu ya jua hupanda na kushuka kiasi cha kuweza kutabiri mvua na ukame. Akawatuma watu wake kuishi juu ya milima mikavu: Chile, California, na kuanzia mwaka 1926 mlima Brukkaros katika nchi ambayo leo ni Namibia. Utabiri wake haukusimama. Ila nidhamu ya upimaji aliyoipanda ilibaki, na hilo si haba. Mwaka 1956 mizani hizo mbili zilikatwa katikati zikawa moja, na mwaka 1977 ikapatikana nyingine bora zaidi, ambayo kigezo chake hutunzwa Davos, Uswisi. Kila miaka mitano wataalamu wa nchi mbalimbali hubeba vyombo vyao hadi huko na kuvipanga uwanjani, vyote vikitazama jua lilelile kwa dakika zilezile, ili ijulikane nani ameanza kupotoka.

Sasa turudi kwenye kadi zilizoungua. Vyombo vya kupima nishati vilikuwa ghali na vichache. Matufe ya kioo yalikuwa mengi. Anders Ångström, mwana wa Knut, aliona njia ya kuyaoanisha. Mwaka 1924 alichapisha kanuni fupi: ukijua sehemu ya mchana iliyokuwa na jua, unaweza kukadiria nishati iliyofika ardhini. Kwa vipimo vya Stockholm aliona kwamba hata siku ya mawingu matupu, robo ya nishati ya siku angavu hupenya. Mwaka 1940 J. A. Prescott, mtaalamu wa udongo wa Australia, akaibadilisha ili hesabu ianzie kwenye nishati inayofika juu ya angahewa, ambayo kila mtu anaweza kuipata kwa kalenda na latitudo bila kupima chochote. Sehemu kubwa ya dunia ilijua kiasi cha jua lake kwa kanuni hii, na mahali pengine bado hali ni hiyo.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia, tena si kwa mlango wa nyuma. Idara ya hali ya hewa ya makoloni ya Waingereza katika eneo hili ilianzishwa mwaka 1929, ikiongozwa na Albert Walter aliyetoka Mauritius, makao yakiwa Nairobi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kule Muguga, katika nyanda za juu nje ya Nairobi, lilijengwa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa kifupi EAAFRO. Watafiti wa Muguga hawakuwa na haja na umeme. Swali lao lilikuwa maji: ukifyeka msitu ukapanda chai, mto utabaki na maji? Walichunguza mabonde ya Kericho, Mbeya na kwingineko, na kila walipohesabu maji yanayopotea hewani walikuta mkosaji mkuu ni jua. Bila kulipima jua, hesabu ya maji haikufungika.

Kwa hiyo wakalipima. H. C. Pereira alieleza mwaka 1959 vyombo rahisi vya shambani, kikiwemo kile kiitwacho Gunn-Bellani. Ni chombo cha kioo chenye tufe jeusi la shaba juu na mrija wenye mistari chini. Jua hupasha tufe, kimiminika kilichomo hugeuka mvuke, mvuke hushuka kwenye mrija uliofukiwa udongoni na kurudi kuwa kimiminika. Saa tatu asubuhi mtunza kituo husoma kimefika wapi, hukipindua ili kimiminika kirudi juu, na siku mpya inaanza. Hakihitaji waya, betri wala fundi kutoka ng'ambo. Kina makosa yake, hasa kwenye baridi, lakini kilifaa kwa vituo vilivyokuwa mbali na umeme, na rekodi zake zilijaza madaftari ya Kenya, Uganda na Tanganyika.

Mwaka 1958 wenzake Pereira, J. Glover na J. S. G. McCulloch, walifanya jambo lililovuka mipaka ya eneo. Walilinganisha saa za jua na nishati iliyopimwa, kisha wakaona kwamba namba ya kwanza ya kanuni ya Ångström hubadilika kwa latitudo. Wakaiandika upya: 0.29 mara kosaini ya latitudo, ukiongeza 0.52 mara sehemu ya mchana yenye jua. Tuijaribu. Karibu na ikweta kosaini ni 1, na nishati juu ya angahewa ni kama kilowati-saa 10 kwa mita ya mraba kwa siku. Kadi ikionyesha jua nusu ya mchana, tuna 0.29 na 0.26, jumla 0.55, yaani kilowati-saa 5.5. Fundi sola yeyote wa Kahama au Kitale anayekadiria kwamba eneo lake lina "saa tano na nusu za jua kamili" yuko palepale kwenye namba hiyo, hata kama hajawahi kusikia habari za Muguga. Kanuni ya Glover na McCulloch ingali inatajwa na wahandisi wa India, Nigeria na Uarabuni, na nadhani inastahili kujulikana zaidi hapa ilikozaliwa.

Wakati huohuo upande wa pili wa dunia, Aprili 1954, maabara za Bell za Marekani zilikuwa zimeonyesha seli ya silikoni inayogeuza mwanga kuwa umeme. Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, ukaongeza vituo vya kupima mionzi duniani kote, na mwaka 1964 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaipa taasisi ya Voeikov ya Leningrad kazi ya kukusanya vipimo vyote na kuvichapisha. Katikati ya vita baridi, kituo cha Kisovieti kilipokea takwimu za jua kutoka kwa marafiki na maadui. Mwaka 1966 George Löf, John Duffie na Clayton Smith wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichora ramani za dunia za mionzi, mwezi kwa mwezi. Ni kazi ya heshima, ila penye vituo haba mistari ilipita kwa makisio.

Kuwa na vituo vingi nako si kinga. Marekani ilijifunza hivyo kwa aibu. Idara yake ya hali ya hewa ilikuwa na mtandao wa pairanomita, vyombo vya kupima mwanga wote unaoanguka juu ya ardhi tambarare. Moyo wa pairanomita ni kipande kilichopakwa rangi nyeusi chini ya kuba la kioo. Weusi ule humeza miale, hupata joto, na joto hutoa umeme kidogo unaoandikwa. Rangi iliyotumika kwa miaka mingi ilikuwa ikiharibika polepole. Haikubanduka wala kupasuka, jambo ambalo mtu angeliona. Ilipungukiwa tu na uwezo wa kumeza mwanga. Kwenye madaftari ilionekana kana kwamba jua linafifia mwaka hadi mwaka, hapa zaidi, pale kidogo, kulingana na umri wa chombo. Chombo kilipobadilishwa, jua "likarudi." Vyombo vilirekebishwa kwa nadra, na njia zenyewe za kuvirekebisha zilikuwa na makosa yake. Mwaka 1972 Marekani iliacha kuzichapisha takwimu hizo.

Mwaka uliofuata mafuta yakapanda bei. Ghafla kila mtu Washington akataka kujua jua la Marekani lina thamani gani, na jibu lililokuwako lilikuwa madaftari yasiyoaminika. Wataalamu wakarudi kwenye rekodi za kuanzia mwaka 1952 wakiwa na wazo moja zuri sana: saa sita mchana, siku isiyo na wingu hata moja, kiasi cha jua kinaweza kukokotolewa kwa karibu sana bila chombo. Basi kwa kila kituo walitafuta siku za namna hiyo, wakaona chombo kilipungua kwa kiasi gani, na kwa kiasi hicho wakayainua masomo ya siku nyingine zote. Vituo 26 viliokolewa kwa njia hiyo, katika mkusanyiko ulioitwa SOLMET. Vingine 222, ambavyo havikuwa na vipimo vinavyofaa, vilitengenezewa takwimu kwa hesabu kutokana na mawingu na saa za jua. Napenda kisa hiki kuliko vyote katika historia hii, kwa sababu waliohusika hawakuficha uchafu: kwenye kanda zao waliweka namba ya awali na namba iliyorekebishwa zikae pamoja.

Kutoka kwenye SOLMET, mwaka 1978 maabara ya Sandia ilizalisha kitu ambacho wahandisi wa majengo na sola wanakitumia hata sasa: mwaka wa kawaida. Si wastani, kwa maana wastani hufuta dhoruba na ukame, na betri hufa kwa siku za mawingu mfululizo, haifi kwa wastani. Walichagua Januari halisi iliyofanana zaidi na Januari nyingine zote, labda ya mwaka 1957, kisha Februari ya mwaka mwingine, na kadhalika, wakaziunganisha. Mwaka 1992 maabara ya nishati jadidifu ya Colorado, NREL, ilitoa hazina ya taifa yenye vituo 239 na miaka 30 ya takwimu. Kati ya vituo hivyo ni 56 tu vilivyokuwa na vipimo halisi vya mionzi, tena si kwa kipindi chote. Asilimia 93 ya namba zote zilikuwa za kukokotoa. Na hiyo ilikuwa nchi tajiri kuliko zote wakati huo.

Ukombozi wa sisi tuliokuwa pembezoni ulitoka angani. Novemba 1977 Ulaya ilirusha Meteosat ya kwanza na kuiegesha juu ya Ghuba ya Guinea, kilomita karibu 36,000 juu, pale ikweta inapokutana na meridiani ya sifuri. Ilirushwa kwa ajili ya hali ya hewa ya Ulaya, lakini kwa pale ilipokaa, Afrika ndiyo iliyojaa kwenye picha. Kila nusu saa bara zima lilipigwa picha, bila kujali kama Tabora au Lodwar pana chombo. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, idara ya pamoja ya hali ya hewa ikagawanywa, na kila nchi ikaanza kujijengea ya kwake.

Kugeuza picha kuwa kilowati-saa kulihitaji akili. Mwaka 1986 Daniel Cano na wenzake wa chuo cha migodi cha Paris walieleza njia waliyoiita Heliosat. Kwa kila doa la picha tafuta jinsi linavyoonekana likiwa jeusi kabisa, yaani ardhi tupu bila wingu, na jinsi linavyoonekana likiwa jeupe kabisa, yaani limefunikwa. Picha ya leo ikiwa katikati ya hayo mawili, umbali wake kutoka weusi ndio kipimo cha wingu, na kutokana na wingu unakadiria jua lililopita. Njia hii hujikwaa palipo na theluji au chumvi nyeupe, kwa maana ardhi yenyewe hufanana na wingu, na haioni vizuri vumbi na moshi. Kwa nchi za savana na nyika, hata hivyo, ilikuwa kama mtu amewasha taa.

Upande wa Marekani, Julai 1983 ulianza mradi wa kimataifa wa kuhesabu mawingu kwa setilaiti zote za hali ya hewa. Kituo cha Langley cha NASA kilizichukua takwimu hizo, kikazigeuza kuwa mionzi, na kuziweka kwenye intaneti bure: miaka 22, Julai 1983 hadi Juni 2005, popote duniani, andika tu latitudo na longitudo. Kwa fundi au mwanafunzi wa Afrika ambaye idara ya hali ya hewa ya nchi yake ilimwuzia takwimu kwa bei asiyoimudu, haya yalikuwa mageuzi. Ila tazama ukubwa wa miraba yake: digrii moja kwa moja, kama kilomita 110 kila upande. Mraba mmoja unameza kilele cha Kibo, mji wa Moshi na nyika ya Taveta, wote wakipewa jua moja. Aliyewahi kukaa Marangu mwezi wa Juni, ukungu ukiwa umelala wiki nzima huku Taveta wakiungua, anajua kosa hilo lina uzito gani.

Zikaja kazi za kupunguza ukubwa wa miraba. Mwaka 2001 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilianzisha mradi wa SWERA wa kuchora ramani za jua na upepo katika nchi 13, Kenya, Ethiopia na Ghana zikiwemo. Miaka hiyohiyo, kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilichoko Ispra, Italia, kilizindua PVGIS, kazi ya kina Marcel Šúri, Thomas Huld na Ewan Dunlop. Ilianzia Ulaya, kisha Afrika ikaongezwa. Haikuishia kwenye mionzi: ukiiambia paneli za wati ngapi na zimelazwa kwa pembe gani, inakujibu umeme wa kila mwezi. Šúri baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Solargis huko Bratislava, na Januari 2017 Benki ya Dunia ilitumia kazi yao kufungua Atlasi ya Jua ya Dunia, iliyo wazi kwa yeyote. Humo inaonekana wazi kwamba maeneo mengi ya Dodoma na Turkana hupata zaidi ya kilowati-saa 2,000 kwa mita ya mraba kwa mwaka, wakati sehemu kubwa ya Ujerumani, iliyotandaza paneli kila paa, hupata kama nusu yake.

Uwazi huu haukuwa wa kudumu wala wa hakika. Mwaka 1995 mataifa yalikubaliana kupeana bure takwimu za msingi za hali ya hewa, lakini yakaacha mwanya wa kuuza zilizobaki, na idara nyingi zilizonyimwa bajeti ziliutumia mwanya huo. Sera mpya ya mwaka 2021 imepanua orodha ya takwimu za bure. Siwalaumu wanaouza, mtu anayebadilisha kadi kila jioni anahitaji mshahara. Lakini matokeo yake ni kwamba setilaiti ya mgeni ilijulikana kwetu kabla ya madaftari yetu wenyewe.

Fedha kubwa ndizo zilizorudisha vyombo ardhini. Paneli za nyumba moja zikikosea kwa asilimia saba, mwenye nyumba atazima televisheni mapema. Mtambo wa sola kama ule wa Garissa, wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, ukikosea kwa kiasi hicho, mkopo haulipiki. Wakopeshaji hawataki wastani. Wanauliza ni kiasi gani cha umeme kitafikiwa au kupitwa katika miaka tisa kati ya kumi, na jibu la swali hilo hutegemea sana shaka iliyomo kwenye takwimu ya jua. Shaka ikipungua, mkopo hupata nafuu. Ndiyo maana Benki ya Dunia iligharamia vituo vya kupima katika nchi kadhaa, Zambia, Malawi na Tanzania zikiwemo. Mwaka mmoja au miwili ya vipimo vya ardhini huwekwa kando ya picha za setilaiti za kipindi hichohicho, tofauti ikaonekana, na kwa tofauti hiyo miaka ishirini na zaidi ya nyuma ikasahihishwa. Ni ujanja uleule wa SOLMET, isipokuwa sasa kinachonyoshwa ni setilaiti.

Chombo cha kituo cha namna hii hupanguswa kila siku au kila baada ya siku chache, kwa kitambaa na maji safi, na anayepangusa hubonyeza kitufe ili saa aliyopangusa iandikwe. Wakati wa kiangazi vumbi la siku chache linatosha kuonyesha jua limepungua kumbe halikupungua. Takwimu zikitolewa, kila dakika hubeba alama yake: safi, inatiliwa shaka, chombo kilikuwa kinapanguswa. Faili hizo zimewekwa wazi kwenye intaneti, na anayepanga kujenga kisima cha sola katika maeneo hayo anaweza kuzipakua leo bila kumlipa mtu.